Mashine Yenu Imenipiganisha na Mama Mkwe

Sylvance Wasike,
Fundi wa akala, Soko la Kariokor,
Mkazi wa Makongeni, Nairobi.

Kwa Kamati ya Maonyesho ya Gemu Kesho,
na kwa yule kijana wa banda la kumi na saba mwenye kofia ya manjano, ambaye anajijua.

KUH: KUPIGANISHWA NA MAMA MKWE BILA HIARI YANGU

Waheshimiwa,

Natumaini nyinyi hamjambo na mashine zenu hazijambo. Mimi bega la kulia linanisumbua, lakini hilo tutalifikia. Niliachia shule darasa la sita, kwa hivyo mkiona koma imekaa mahali si pake, iacheni ikae, hata mimi kuna mengi nimewaachia.

Kwanza mjue mimi si adui wa gemu. Watu wakiona mvi zangu kwenye maonyesho kama yenu wanadhani nimeingia kutafuta choo. Nimecheza miaka mitatu katika chumba cha gemu cha Ngigi, pale nyuma ya posho mill, kiti cha karibu na mlango. Kwa vidole gumba hivi viwili nimeiba magari, nimezamisha meli, nimechoma mji mzima wa watu ambao hawakuwa wamenikosea kitu, na Jumapili yake nikabeba kikapu cha sadaka kanisani bila mtu kunitazama vibaya. Kwa nini? Kwa sababu kidole gumba kina siri. Mwili umetulia kwenye kiti. Anayechungulia mlangoni anaona mzee ameshika kidude chenye vitufe, basi.

Sasa nyinyi mkaleta mashine isiyo na vitufe. Ina kamera inayokukodolea macho. Ukirusha mkono, mtu wa kwenye skrini naye anarusha mkono. Dhambi niliyokuwa nikiitenda kwa kidole, nimekaa, mnataka niitende kwa mwili mzima, nimesimama, ulimi nje, mbele ya watu wenye simu. Halafu mnaita maendeleo.

Mambo yalianza hivi. Binti yangu Triza, mtoto wangu wa pekee, alipewa tiketi nne kazini. Akaniambia, "Baba, si wewe ndiye mtu wa gemu? Twende." Tukaenda na mama yake, Nerima, na mama yake Nerima, yaani mama mkwe wangu, Mama Nabalayo, mwenye umri wa miaka sabini na minane. Alikuwa ametoka Kimilili kuja kumwona Triza akiposwa, na amefikia Kware kwa shemeji yangu Mukhwana.

Huenda hamjui ya kwetu. Kwetu, mtu na mama mkwe wake ni kama milingoti miwili ya goli: timu ni moja, lakini hakuna anayemsogelea mwenzake. Miaka thelathini na minne sijamshika mkono. Sijawahi kutafuna mbele yake. Nikimsalimia, naisalimia kalenda ya ukutani, naye anaijibu hiyo hiyo kalenda. Tumeishi vizuri sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Foleni. Nilisimama saa mbili ili nicheze dakika tatu. Na nusu ya mabanda yenu hayakuwa na gemu, yalikuwa na video ya gemu itakayokuja mwaka kesho kutwa. Mimi pale Kariokor mteja akitaka akala namba tisa, namvisha akala namba tisa. Simwonyeshi video ya lori likipita na tairi ambalo siku moja, Mungu akipenda, litakuwa akala. Nilirudi na stika kumi na moja na kamba ya shingoni. Stika sikujua nizibandike wapi, nikambandikia Ngigi mlangoni.

2. Kijana wa kofia ya manjano. Nilipofika mbele aliniambia, "Niaje buda, simama kwa hiyo doa nyekundu, cheza na mwili wote." Nikamuuliza vitufe viko wapi. Akacheka, akasema, "Wewe ndiye kitufe, mzee." Nina miaka sitini na sita, nimeitwa mengi, hilo ndilo la kwanza la aina yake. Nikachagua ndondi. Familia yangu ilikaa nyuma yangu kwenye viti vya plastiki, mama mkwe akiwa kiti cha karibu, na mkoba wake mapajani.

3. Mashine haikuuliza. Iliandika kwamba inatafuta mchezaji wa pili. Nikadhani italeta mtu wake wa kuchorwa, mwenye kifua kama kabati, kama ilivyo adabu. Kumbe ikanyoosha macho juu ya bega langu ikamchukua mama mkwe! Ikamchora na kilemba chake na mkoba wake, ikamvisha glavu. Waheshimiwa, hata mtu wa sensa akikuta watu wawili sebuleni huuliza, "Huyu ni nani wako?" Fomu ya chifu ina nafasi ya kujaza uhusiano. Mashine iliyokula umeme wa mtaa mzima imeshindwa na fomu ya chifu?

Na nilipomtambua, kwa heshima sikuweza kugeuka kumwangalia. Nikamwangalia kwenye skrini, ambako alikuwa na urefu wa ghorofa mbili. Ndiyo mara ya kwanza nimeona ana kidoti shavuni, kama cha mke wangu. Kidoti kilikuwa kama sahani.

3 tena, maana 3 ya kwanza haijaisha. Kipigo. Mama mkwe hakuwa anacheza. Alikuwa anafukuza nzi, mama wa watu, na hilo nitaapa popote. Lakini mashine yenu kila nzi iliandika ngumi. Nzi wa kwanza alinipata taya. Wa pili akanilaza. Nikainuka, nzi wa tatu akaja na mkoba. Mimi nilirusha ngumi kumi na moja kabla akili haijaniambia ni nani yule, na ndizo zilizoniharibu bega, na hakuna hata moja iliyofika. Nikajaribu kukwepa, mashine ikadhani nacheza densi, ikawasha taa. Mwisho ikaandika: MCHEZAJI WA PILI 5, MCHEZAJI WA KWANZA 0. Ukumbi mzima ukawa unamshangilia bibi, "Shosho! Shosho!" Dada mmoja wa banda, beji yake imeandikwa Shirleen, akamvisha medali ya plastiki.

Kisha nikasikia sauti ya mke wangu nyuma. "Baba Triza, umemrushia mama yangu ngumi?"

Nikasema si mimi, ni kamera.

"Kamera ina mkono?"

Hapo ndipo ningependa mtu mmoja wenu angekuwa karibu anijibie.

4. Hasara. Mtu alikuwa amepiga video. Habari ilifika Kware kabla yetu, na sisi hatukupata jamu. Jumapili baada ya kanisa Mukhwana akaita wazee wa ukoo. Nikawaeleza kuhusu kamera, doa jekundu na nzi. Mzee mmoja akaniuliza, "Mkono uliorushwa ulikuwa wa nani?" Nikasema wangu. "Na aliyekuwa mbele yake kwenye hiyo runinga alikuwa nani?" Wakaamua kwamba mtu aliyemwinulia mama mkwe mkono hawezi kuwa naye chini ya paa moja mpaka mbuzi atolewe na maneno yasemwe, na maneno hayawezi kusemwa mpaka ijulikane vizuri nani alimpiga nani. Wamelibeba hilo wakalifikirie, na wazee wetu wakifikiria huwa hawana haraka.

Na tarehe kumi na nne mwezi ujao watu wa Mugo, kijana anayemtaka Triza, wanatoka Murang'a kuja nyumbani kwangu kumposa Triza. Wawili hatuwezi kuwemo. Familia ikapiga kura nani abaki nje. Nilipata kura moja, na niliipiga mwenyewe. Kwa hivyo siku ambayo binti yangu wa pekee anaombwa, mimi baba mtu nitakuwa nimesimama kando ya tangi la maji la ploti, nikisikiliza watu wakicheka ndani ya nyumba yangu. Juzi Triza alikuja kibandani kwangu, akakaa juu ya tairi, akauliza, "Baba, sasa wakiuliza mwenye mtoto ni nani, atasimama nani?" Nilikuwa nakata akala. Alipoondoka nikaona nimekata miguu miwili yote ya kushoto.

5. Kwa hayo yote naomba, bila kelele:

Kwanza, mfute hayo matokeo kwenye mashine, na kwenye hayo mawingu mnayohifadhia vitu vya watu, yasibaki hata kivuli. Pili, mniandikie barua yenye mhuri kwamba kilichopigwa ni picha. Tatu, mtoe mbuzi, dume, wa rangi moja. Mkishindwa, mashine yenyewe ije Kware, ikae kwenye kigoda, ifunikwe blanketi, iombe radhi kwa mdomo wake. Wazee wako tayari kuzungumza nayo polepole.

Nne, kuanzia sasa kabla ya kuwaunganisha watu wawili, mashine iwaulize majina, ukoo, na wameoa au kuolewa wapi. Ikikuta mtu na mama mkwe, skrini izime na uimbwe wimbo wa kanisa. Ikikuta mzee na mke wa mwanawe, ichore pazia katikati. Mashemeji wacheze, lakini wasishindane. Najua kwa Eastlands hii, ambako kila mtu ni mkwe wa mtu, mashine itakuwa inapumzika sana. Ipumzike. Hata sisi tunataka kupumzika.

Tano, rudisheni vitufe.

Nisalimieni mlinzi wa mlangoni aliyeniokotea kofia yangu, na Shirleen, na yule bwana aliyelala ndani ya kile kiti cha kuendeshea magari ya mashindano. Hata wa kofia ya manjano msalimieni, ila yeye awe wa mwisho.

Wenu anayeandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya bega,
S. Wasike

N.B. Msiifanyie kazi barua hii kabla ya kusoma hapa. Triza aliipeleka Kware jana awasomee wazee, wanisahihishe koma. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Triza alipofika pale pa nzi, mama mkwe akasema kwa sauti, "Nzi gani? Ule ukumbi ni baridi kama friji, nzi atoke wapi?" Akasema alijua vizuri anampiga nani, alilenga, na ilikuwa ni miaka thelathini na minne anaingoja nafasi. Wazee wakatazamana. Wakasema ikiwa ni hivyo, yeye alipiga kwa kujua na mimi sikumgusa, mbuzi anatoka kwake, na mimi siku ya posa nikae sebuleni kwenye kiti changu. Mama mkwe akakubali hata kabla hawajamaliza. Akasema hajawahi kutoa mbuzi kwa raha namna hiyo. Ila wazee wanataka ushahidi kwamba kweli sikumpata hata moja. Kwa hivyo, tafadhali sana, MSIFUTE. Nitumieni sifuri yangu kabla ya tarehe kumi na nne, kwa herufi kubwa, na mhuri.

Pia mama mkwe anauliza kama mwakani mtaleta mieleka. Jibuni hapana, na hilo nalo mlipige mhuri.