Programu ya Kijani na Hisa za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza rasmi kulinganisha programu mbili za kuchora chati za hisa. Moja ya bluu, moja ya kijani. Ya bluu ni ya bure, na shemeji ndiye anayeitumia. Sababu tosha ya kuidharau! Shemeji ni kaka wa mke wangu, karani wa benki, na ukoo mzima unamwita Profesa kwa vile anatamka neno "uwekezaji" polepole. Mimi nauza miwani. Hakuna aliyewahi kuniita Profesa.

Leo mama mkwe katuita sote wawili. Marehemu mzee alimwachia hisa za kiwanda cha saruji, na anataka ushauri: aendelee kuzishika au aziuze? Kila asubuhi, kabla hata ya kugusa chai, hufungua gazeti kwenye ukurasa wa bei na kulitafuta jina la kiwanda kwa kidole. Profesa alisema azishike. Basi mimi nikasema tungoje uchunguzi wa kitaalamu. Mama akaitikia kwa kichwa. Hatimaye!

Jumanne, 4 Machi

Dalali wa hisa kanitumia faili la bei za miaka yote. Nimelitia kwenye programu zote mbili. Bluu imechora mlima wa kupanda. Kijani imechora mteremko wa kutisha. Nikashangaa kidogo, kisha nikaelewa: cha bure ni cha bure tu. Kijani ina kengele, ina rangi za kuchagua, na ina kitufe kikubwa zaidi cha kuujaribu mfumo wako wa biashara kwa bei zilizopita. Tarehe zilikuwa zimebanana chini ya chati, zinaharibu sura. Nimezizima.

Jumatano, 5 Machi

Mfumo wangu ni huu: mstari wa wastani wa bei za siku chache ukiukata ule wa siku nyingi kuelekea chini, uza. Rahisi, kama vitu vyote vya akili. Nimeujaribu kwenye kaunta ya duka, wateja wakisubiri. Kijani inasema ningekuwa tajiri. Bluu inasema ningekuwa ombaomba. Nimeipa kijani alama zote. Mzee mmoja kaondoka na miwani ya mtu mwingine, akarudi analalamika kwamba barabara imepinda. Bosi kanifokea. Nimemsamehe, hajui anafanya kazi na nani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewasilisha matokeo sebuleni kwa mama mkwe. Kompyuta juu ya meza, mke wangu kando, Profesa mlangoni na kikohozi chake. Nikaonyesha mteremko. Nikasema kiwanda kinazama, tuuze upesi. Mama akavaa miwani (niliyompunguzia bei mwenyewe), akatazama mwisho wa mstari, akauliza mbona gazetini bei ni kubwa kuliko hapo. Nikamjibu kwamba magazeti huchelewa. Nilijibu haraka mno! Sijui hata nililitoa wapi jibu lile.

Akaivua miwani. Kisha akasema, "Wewe ndiye umeyasomea haya, mwanangu. Baba yenu angekuwepo, angekusikiliza."

Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu, 10 Machi

Hisa zimeuzwa. Zote. Dalali alimuuliza mama mara mbili kama ana hakika. Mara zote mbili nilijibu mimi.

Jumatano, 12 Machi

Bei imepanda. Profesa kaja dukani, akajifanya anataka kupimwa macho. Nilipomkalisha kwenye kiti akaniomba, kwa upole, niiwashe kompyuta na kuzirudisha zile tarehe chini ya chati. Nikazirudisha. Mwaka huu ulikuwa kushoto. Miaka ya zamani ilikuwa kulia.

Faili la dalali huanza na bei ya leo na kushuka hadi za kale. Bluu huzipanga yenyewe. Kijani huchora kama ilivyopewa. Nimeuchora mlima kinyumenyume, nikamwambia mjane wa watu aukimbie! Mimi, muuza miwani, sikuona.

Profesa hakucheka. Laiti angecheka. Alilipia kitambaa cha kufutia miwani, na hana miwani, akaondoka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kumwambia mama mkwe ukweli. Nilitarajia makelele. Alinimiminia chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Pesa zipo, hazijaliwa na mtu," alisema. "Ila leo asubuhi nimefungua gazeti, kidole kikakosa pa kwenda. Nilikuwa nikiona lile jina, naona kama mzee yupo."

Najuta. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: najuta, na kosa ni langu, si la programu. Ningemsikiliza aliponiuliza lile swali la bei, yasingetokea haya. Mke wangu hasemi na mimi. Anawasemesha watoto ili nisikie.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga simu. Kumbe kuna njia! Anataka kuzinunua tena, hata chache tu, ili awe na kitu pale kiwandani. Kesho asubuhi, bei yoyote itakayokuwepo. Nimemwahidi. Ni kazi ndogo: kumpigia dalali, kusema nunua, basi. Mke wangu kanipa sukari nilipoomba. Dalili njema.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikuwa nimeshika simu nimpigie dalali nilipokutana na programu ya tatu. Ya zambarau! Tarehe inazipanga yenyewe, hilo nimelihakiki kwanza, maana mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimeijaribu kwa miaka yote ya kiwanda. Inasema bei itashuka hivi karibuni, ndipo tununue. Nimeiacha simu. Nataka nimfurahishe mama kwa hisa za bei poa, na Profesa awepo akishuhudia.

Jumatano, 19 Machi

Bei imepanda tena. Zambarau inasema subira. Mama kapiga kuuliza kama tayari. Nikamwambia bado kidogo. Akaniuliza tunasubiri nini, wakati alishasema bei yoyote. Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu nimpigie dalali palepale.

Lakini simlaumu. Hajaiona chati.