Mtu wa Kunisemea Stesheni

Dodoma, Jumatatu, 1 Julai 1912

Tangazo limebandikwa ukutani pale stesheni. Anatakiwa karani wa tiketi! Masharti matatu: barua kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, mwili uliooshwa, na mtu mzima anayemfahamu aje amsemee mbele ya Bwana Stesheni, yule Mdachi kutoka Ujerumani, Jumamosi asubuhi. Nimelisoma mara tano. Upepo ukanijaza vumbi machoni, nikalisoma mara ya sita.

Karani Gideoni! Nimeshajiona nyuma ya kidirisha, kofia kichwani, na Anyesi anapita nje. Baba yake, Mzee Methusela, alikwisha sema binti yake haolewi na mtu ambaye asubuhi hajulikani anakokwenda. Mbona najulikana? Kila asubuhi naenda kisima cha korongoni kumtazama Anyesi akiteka maji. Ndiyo kazi yangu kwa sasa na sijakosa hata siku moja.

Kefa naye alikuwepo, analisoma tangazo kwa kidole. Kwa kidole! Huyo naye anamtaka Anyesi.

Jumanne, 2 Julai

Nimekwenda kuomba shauri kwa Mwalimu Sila wa misheni, aliyenifundisha kusoma. Akasema barua iwe fupi, nitaje ninachokijua, si ninachokitamani. Nifike mapema. Nisifungue kinywa kabla ya kuulizwa. Na wa kunisemea awe mtu aliyeniona nikifanya kazi.

Hilo la mwisho limenikaa vibaya. Nani amewahi kuniona nikifanya kazi? Mwalimu akajitolea kunisemea yeye. Nimekataa kwa adabu. Hajui kusema uongo, na shule yake nilitoroka mara mbili.

Barua imekuwa kurasa nne. Anyesi nimemtaja mara moja tu.

Alhamisi, 4 Julai

Akili ni mali! Nimempata mtu. Mzee Shaaban, msimamizi wa vibarua wa reli. Bwana Stesheni anamwamini kuliko saa yake ya mfukoni. Tena yeye Mhehe, mimi Mgogo: mtani wangu! Mtani hamnyimi mtani. Ili kuamsha undugu nilipita kwake, nikamkamata jogoo wake mbele ya macho yake, nikatangaza kwamba Mhehe amekufa na huu ndio urithi wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniahidi kwamba Jumamosi atakuja, na maneno atakayosema, Bwana hatayasahau.

Nasikia Kefa anakwenda na Mwalimu Sila. Maskini Kefa.

Jogoo nimemla. Alikuwa mgumu.

Jumamosi, 6 Julai

Siwezi kuandika. Naandika.

Kefa aliingia kwanza. Mwalimu Sila akasema kijana huyu amefagia kanisa miaka mitatu, hajakosa siku. Basi, akakaa. Nilimwonea huruma Kefa.

Zamu yangu. Mzee Shaaban aliingia na kanzu nyeupe, kapendeza. Bwana akamuuliza kama mimi ni mwaminifu. Akajibu kwamba mimi ni mwizi wa kuku, jogoo wake nilimbeba juzi mchana kweupe, niulizwe mwenyewe. Nikaulizwa! Bwana akauliza kama nawahi kazini. Mzee akasema nilichelewa hata kuzaliwa. Mama yangu alichoka kungoja, akarudi shambani. Na nguvu je? Akasema ninazo, ila zote zinaishia kwenye ugali wa watu. Vibarua dirishani walikuwa hoi kwa kicheko. Mimi mwenyewe nilicheka. Tena nikamjibu kwamba Mhehe asisikilizwe, mbwa wa mji mzima wakimwona hukimbia wasije wakaliwa.

Ndipo nikamtazama Bwana Stesheni. Alikuwa anaandika. Yote!

Nikamweleza kuwa ni utani. Akasema sheria za reli hazina neno hilo, nitoke. Kofia amepewa Kefa. Inamfunika masikio.

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Shaaban nilimkuta mlangoni kwangu alfajiri. Akaapa alidhani ananipa heshima. Kwao na kwetu, siku ikiwa nzito na utani huwa mzito. Hata msibani mtani hushuka kaburini akamcheka maiti, na wafiwa wakashukuru. Yule Mdachi angejuaje? Akalia. Mtu mzima! Nikamwambia yamekwisha.

Hayajaisha. Leo nilikwenda korongoni kwa kuchelewa makusudi, nisionane na Anyesi. Nikazikuta nyayo zake mchangani. Nikasimama kando ya nyayo hizo mpaka jua likawa kali. Namtaka Anyesi. Hiyo kofia ilikuwa njia tu. Nyumba yangu ni kubwa mno kwa mtu mmoja, na ina chumba kimoja.

Jumatano, 10 Julai

Ujumbe! Umeletwa na Loisi, mdogo wake Anyesi. Watu wa Kefa wanakuja kuposa Jumapili. Lakini Mzee Methusela hajawakubalia. Amesema hata mimi hajanikataa. Atanikataaje, na hakuna aliyewahi kuja kuniombea? Basi nitume mshenga kabla ya Jumapili, mtu mzima mwenye maneno, anisemee vizuri. Mzee atamsikiliza. Na Anyesi ameongeza lake: amechoka kuteka maji polepole kila siku kwa ajili yangu.

Nimelia. Kwa ajili yangu!

Mwalimu Sila amejitolea tena. Nimemshukuru. Ana maneno machache mno kwa jambo kubwa namna hii. Mzee Shaaban ameomba kazi hiyo mwenyewe, afidie kosa lake, na safari hii hakuna Mdachi wa kuharibu. Mzee Methusela ni Mgogo halisi, utani anaujua. Nimemkubalia pale pale. Nimemsihi jambo moja tu, asimtaje yule jogoo. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema nisiwe na wasiwasi, mtani wake, anayo mambo yangu mengine.

Anyesi wangu, zimebaki siku tatu tu.