Baiskeli Iliyokuwa Ikisaga

Leo nimejivua nguo barazani kwa watu. Nguo zenyewe nilikuwa nazo zote mwilini, hata kilemba. Nasema heshima.

Nawaandikia ninyi watatu, Perpetua, Yustina na Roza, kwa sababu tulilala bweni moja na mlishaniona nikianguka na ndoo ya uji mbele ya masista. Msimsomee mtu mwingine.

Mnajua mume wangu, baba wa mwanangu Fidelis, kabla kazi ya reli haijampeleka Kigoma, aliniachia baiskeli. Mpya, nyeusi, ya kike, ina kava ya cheni na kengele ya kuamsha mtaa. Ni ya kunipeleka Kwihara ninakofundisha akina mama kusoma na kushona. Kwa miguu nafika wameshachoka kunisubiri, wamerudi mashambani. Bila baiskeli hakuna kazi. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililonitia wazimu.

Sasa, kuna shemeji yangu Kasimiri, mdogo wa mume wangu, wa kule Lusu. Amekuja kutusalimia, na salamu zake haziishi tangu baiskeli ilipoingia ndani. Asubuhi anaizunguka, jioni anaizunguka, anabonyeza matairi. Anasema ingebeba magunia mawili ya karanga bila kulalamika.

Basi wiki hii ikaanza kulalamika.

Krr. Krr. Krr. Sauti ya kusaga, kavu, kama mtu anatafuna changarawe. Nikikanyaga pedeli, inasaga. Nikiacha kukanyaga nikateremka, kimya. Nikipanda kilima, inasaga zaidi. (Nimesoma, jamani. Sauti inayokuja kwa kukanyaga na kuondoka kwa kutokanyaga iko kwenye cheni, au kwenye gia, au kwenye gololi za pedeli. Haiwezi kuwa mahali pengine. Hayo ndiyo niliyojiambia.)

Nikatia mafuta ya karanga. Ikasaga, na sasa ikanukia jikoni. Nikafungua kava, nikafuta mchanga wote kwa nepi ya Fidelis. Ikasaga. Ajabu ni kwamba Kasimiri akiipanda haisemi kitu. Anaenda, anarudi, anashuka akipiga mluzi.

Leo asubuhi, mama mkwe akiwa uani anapepeta mtama, Kasimiri akaniambia, "Shemeji, baiskeli ni nzima. Mbovu ni mpandaji."

Mnanijua. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Naipeleka kwa fundi sasa hivi. Kisipopatikana kitu, uichukue uende nayo Lusu leo hii."

Mama akaacha kupepeta. Akaniuliza kama nimesikia nilichosema. Nikasema nimesikia. Kasimiri akaenda kutafuta kamba ya kufungia mizigo yake.

Nikamfunga Fidelis mgongoni kwa mbeleko, kama kila siku, nikapanda. Kutoka kwetu Mtendeni mpaka madukani ni krr, krr, krr, karibu na sikio kabisa. Kwa mara ya kwanza nikaifurahia. Saga, nikasema moyoni, saga hivyo hivyo mpaka tufike.

Baiskeli ilinunuliwa kwa Bwana Rajabali, na barazani kwake ndipo Fundi Hamisi anapofanyia kazi. Baraza lilikuwa limejaa. Wazee wawili wenye kanzu wanakunywa kahawa, dada mmoja yuko kwenye cherehani, na wengine ni wale ambao kazi yao ni kukaa barazani. Sikuamkia mtu. (Mama akisikia hili atanirudisha kwetu.) Nilianza hivi: "Baiskeli gani hii mmetuuzia? Hiki ni kinu cha kusagia."

Fundi akaipindua magurudumu juu, akazungusha pedeli kwa mkono. Kimya. Akaipanda, akazunguka nayo mbele ya duka. Kimya. Nikamwambia haitasema mpaka ihisi uzito wangu. Hapo dada wa cherehani aliinama akajifanya anatafuta sindano.

Bwana Rajabali ni mtu mpole. Akasema isimamishwe kwenye stendi, gurudumu la nyuma liwe juu, mama apande, wote tusikilize. Nikapanda na Fidelis wangu mgongoni. Nikakanyaga. Krr, krr.

"Haya, mnasikia?"

Wazee wakatazamana. Fundi akainamisha sikio mpaka karibu na goti langu, akakaa hapo muda mrefu wa kunitia haya. Nadhani alitaka tu niende zangu. "Nasikia, mama," akasema. "Kwa mbali."

Hapo nikafunguka. Nikawafundisha habari za msuguano. Nikawaeleza frii-wili, kitu ambacho nakijua jina lake basi. Nikamwambia Bwana Rajabali kwamba ameona mwanamke akamfungia vyuma vya zamani vilivyopakwa rangi mpya, na kwamba nitafika bomani. Watu wakaanza kusimama barabarani. Yule bwana akapangusa uso, akamwagiza fundi afungue kila kitu, bure.

Fundi akaniomba nishuke.

"Sishuki," nikasema. "Nikishuka mtanibadilishia vyuma."

Maskini akafanya kazi kwa kupitisha mikono kati ya vyuma vya baiskeli na miguu yangu. Akatoa kava. Akatoa cheni, akaitumbukiza kwenye karai la mafuta ya taa, akachuchumaa pembeni akaisugua. Mimi huku juu naendelea kuhutubia, na kwa hasira miguu nayo inaendelea kukanyaga. Ndipo sauti ikaja tena. Safi, kavu, karibu kuliko siku zote.

"Hiyo!" nikasema. "Hiyo hapo! Fundi, unaisikia au huisikii?"

"Naisikia, mama," akajibu bila kuinua kichwa. "Ni cheni hiyo."

Bwana Rajabali akauliza taratibu, "Cheni ipi?"

Fundi akatazama mikono yake. Cheni ilikuwa inaning'inia vidoleni, inadondosha mafuta ya taa. Mimi nikatazama chini. Gurudumu la nyuma limesimama tuli. Nilikuwa nakanyaga hewa.

Krr, ikasema sauti. Krr.

Mmoja wa wale wazee akaweka kikombe chini, akainuka, akaja nyuma yangu kwa adabu, mikono mgongoni kama anakagua ng'ombe wa mtu. Akachungulia.

"Mama," akasema, "mtoto anasaga meno."

Meno gani? Fidelis ana meno mawili ya chini tu. Nikamzungusha mbele, nikamtia kidole mdomoni. Juu kulikuwa na mengine mawili, kama punje za mchele. Akaning'ata. (Juzi aliniuma wakati wa kunyonya, nikadhani ni hasira, karithi kwangu.) Kisha akayasugua ya juu kwa ya chini, krr, akanichekea.

Kidevu chake hukaa begani kwangu, chini ya sikio. Nikikanyaga mgongo unacheza, naye anasaga. Nikiacha, anaacha. Kilimani nikiinama, mdomo unanifika sikioni kabisa. Yaani elimu yangu yote ilikuwa sawa, ila niliitia kwenye baiskeli.

Hawakucheka mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Kwanza walinionea huruma. Halafu dada wa cherehani akasema, kama anajisemea, "Gololi anazijua, meno ya mwanawe hayajui." Basi. Baraza zima likaanguka. Fundi alicheka mpaka cheni ikamponyoka, yeye aliyekuwa akiisikia kwa mbali! Bwana Rajabali peke yake hakucheka. Aliingia dukani, akarudi na biskuti, akampa Fidelis ili ajaribie gia zake mpya.

Cheni ikarudishwa. Nikawaomba radhi mmoja mmoja, nikawaamkia wale wazee shikamoo niliyokuwa nimewanyima. Wakaitikia marahaba huku wanafuta machozi. Sikupanda. Niliisukuma baiskeli mpaka nyumbani, naye Fidelis akasaga njia nzima.

Kasimiri alikuwa mlangoni, kamba mkononi. Nikasimulia yote, kwa sababu hata nisiposimulia, mji huu ungenisimulia.

"Kwa hiyo hakikupatikana kitu," akasema. "Na neno ni lako, shemeji."

Lilikuwa langu. Nikamsogezea usukani. Nawaambieni, mikono ilikuwa inakataa kuachia.

Mama alikuwa ameshamchukua mjukuu, kidole mdomoni mwake. "Kasimiri, funga kamba yako," akasema. "Kimepatikana kitu. Yamepatikana meno mawili."

"Lakini, Mama, tulikuwa tunasema habari za chuma."

"Mimi nilikuwepo hapa. Alisema kitu. Hakusema chuma."

Kisha akanigeukia. Kumbe tangu Jumapili alikuwa ananiambia mtoto anauma, nami namjibu habari za cheni. Kuanzia leo, nikienda Kwihara, Fidelis anabaki naye. Nikaitikia. Akatoka na mtoto kwenda kuwaonyesha majirani yale meno, na hadithi yake, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeshapewa jina. Mama Frii-wili. Mkiliandika hilo juu ya bahasha, sitajibu.

Mchana nikaenda Kwihara peke yangu. Baiskeli kimya kabisa. Lakini njia ni kupitia kwa Bwana Rajabali, na yule mzee wa kahawa alikuwepo. Nikamwamkia vizuri. Akanionyesha meno yote aliyobakiza, akayasaga polepole mpaka nikampita.

Nilipokata kona nikasikia tena. Krr. Krr.

Nikashuka. Nikashika cheni, kimya. Nikapapasa mgongoni, hakuna mtoto. Nikasimama nikasikiliza vizuri.

Yalikuwa meno yangu.