Mkosaji ni Pua

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amenikatalia. Goti langu halipasuliwi mpaka uzito ushuke. Kipimo ni Jumatatu ijayo, mshale wa mizani ukirudi nyuma hata kidogo atanipangia siku ya upasuaji. Nimerudi dukani nimefura.

Mjukuu wangu wa kwanza yuko ghorofa ya nne ya jengo hili hili, na mimi dobi niko chini. Lifti ilikufa zamani. Namsikia akilia dirishani, sijawahi kumwona. Binti yangu kila siku anasema atamshusha. Nimekataa! Babu ndiye anayekwenda kumwona mjukuu, haletewi kama nguo chafu. Mke wangu anasema hicho cheo nimejipa mwenyewe. Hakuombwa maoni.

Ila daktari kasema neno moja la maana. Kuna sisi wanene ambao harufu ya chakula hutuvuta hata tukiwa tumeshiba, nikae nayo mbali. Kumbe miaka yote nimelisingizia tumbo. Mkosaji ni pua! Na anayeichokoza ni Bi Hamira, mwokaji wa mlango wa pili, ambaye feni yake inanipulizia mikate tangu asubuhi. Sasa atanitambua.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwendea Bi Hamira. Nikamwambia feni yake inaniua. Hakubisha, na hilo lilinikera zaidi, maana nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi. Aliuliza tu, mzee, niielekeze wapi? Nikasema huko nyuma, popote, mradi si barabarani. Kabla ya adhuhuri fundi alikuwa ameshaigeuza.

Huko nyuma ni dirisha la chumba changu cha kupigia pasi.

Mwanamke ana hila huyu. Mke wangu anasema aliyechagua ni mimi. Sasa nguo zote zinanukia mkate. Mwalimu kaja kuchukua koti lake, akanusa mkono wa koti, akauliza kama chai inauzwa kando. Nimekula skonzi. Ngapi, si muhimu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeiziba pua. Pamba mbili, nimezipaka dawa ya kuchua, ile kali ya kutoa machozi, nikazisokomeza puani. Nikapita mbele ya Bi Hamira kifua mbele. Harufu hakuna! Akanipa pole ya mafua.

Ushindi haukukaa. Dobi huijua nguo inayoungua kwa pua kabla ya macho, na pua nilikuwa nimeifunga. Shati la kinyozi limepata alama ya pasi mgongoni, kamili mpaka ncha. Akanifokea mbele ya wateja. Nami nikamfokea, lakini kwa sauti ya pamba, wateja wakacheka. Washenzi.

Chakula cha usiku kilikuwa balaa. Bila pua hakuna ladha. Kila tonge nililomeza, nikadhani ladha iko kwenye tonge linalofuata. Mke wangu akaondoa sufuria, akauliza natafuta nini mle ndani. Nikamwambia naitafuta ladha. Akasema haijawahi kukaa chini ya sufuria. Nimelala nimempa mgongo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua! Pua haizibwi, huchoshwa. Fundi wa kupaka rangi huizoea harufu ya rangi yake hata asiisikie. Basi nitaunusa mkate mpaka unichoshe.

Mke wangu kagoma kwenda kuununua. Nikaenda mwenyewe, nikamweleza Bi Hamira kwamba huu ni mkate wa matibabu. Akanichagulia uliotoka tanurini sasa hivi, mchokozi mkubwa. Nikajifungia stoo, mkate mapajani, nikanusa, nikanusa. Pua haikuchoka. Aliyechoka ni mimi.

Mkate haupo tena. Tumbo halina hatia, lenyewe limepokea tu.

Jumatatu, 10 Machi

Mshale umepanda. Daktari akaandika tu namba, akanipangia kurudi mwezi ujao. Bora angenitukana. Nimerudi nikimlaani kimoyomoyo yeye, mizani yake na aliyevumbua siagi.

Dukani nikamkuta binti yangu kwenye kiti cha wateja, amempakata mtoto. Njama ya mke wangu! Nikafungua mdomo niwafukuze, nikashtukia mtoto yuko mikononi mwangu. Mdogo namna ile, na uso ameukunja, hasira zangu zote amerithi. Utosi wake unanukia maziwa na poda. Nikanusa tena. Feni inapuliza kule nyuma na mimi sina habari nayo. Machozi yakanitoka, nikasingizia sabuni.

Binti yangu akasema, baba, nitamshusha kila asubuhi, ngazi utazipanda ukipona. Nilitaka kukubali. Nikasema hapana, nitapanda mwenyewe, ila aniachie shali ya mtoto niifue. Sikuwa na nia ya kuifua.

Jumanne, 11 Machi

Asubuhi nzima nimepiga pasi nikiwa nimejifunga shali puani kama jambazi. Harufu ya mtoto tupu. Skonzi hata sizikumbuki. Nimeweza! Mchana Bi Hamira akafungua tanuri. Nikaiteremsha shali kidogo tu, nipate kupumua.

Jioni binti yangu kashuka kuifuata, mtoto begani. Akainusa. Akauliza vipi shali itoke kwa dobi ina siagi. Nikamwambia ni feni ya Bi Hamira. Akanitazama, kisha akaninyooshea mtoto nimbebe. Mikono yangu ilikuwa na mafuta. Nikaificha nyuma, nikamwambia babu haletewi mjukuu, si nilishasema nitapanda?

Wakaondoka. Mtoto alilia ngazi zote, nikamsikiliza mpaka mlango wa juu ulipofungwa.

Kesho nakwenda kwa daktari. Hilo goti aliache kwanza, aanze na pua.