Wagoni Iliyonyanyuliwa na Shangingi la Shemeji

Jumatatu, 22 Septemba

Gari letu limekufa. Halikufa barabarani kwa heshima, limefia kwenye ukaguzi. Mkaguzi aligonga sakafu kwa nyundo ndogo, nyundo ikapitiliza. Kupitia tundu nikaona viatu vyake. Nilimwambia tundu lile ni la kuingiza hewa. Hakucheka.

Miaka ishirini na moja nimekuwa na gari lile. Gunvor, mke wangu, amelilia dakika moja tu, kisha akafungua kompyuta. Anataka shangingi. Kubwa, refu, jeusi, kama la kaka yake Ragnvald. Anasema ni zamu yetu na sisi kukaa juu.

Mimi nataka wagoni, gari la familia lenye buti refu nyuma. Si wagoni ya kawaida, ile ndefu ya chini inayokwaruza kila jiwe. Nataka iliyonyanyuliwa: buti kama chumba cha wageni, tairi nene, plastiki nyeusi kuzunguka miguu ili matope yasiudhi. Inapita linapopita shangingi, na kwenye kona haiyumbi kama kabati juu ya mkokoteni. Elof, muuza magari wa mjini Östersund, anayo moja ya kijani. Amenipa niijaribu wiki nzima. Mtu mwema.

Gunvor ametoa amri: uamuzi Jumamosi. Siku hiyo mama mkwe anahama shamba lake kwenda kukaa fleti mjini, na hatutamhamisha kwa basi.

Jioni Ragnvald akapita. Ameegesha nusu juu ya nyasi zangu. Akaitazama wagoni, akaniuliza kama nimeshaanza kufanya kazi ya kubeba maiti.

Nina siku tano. Nina mpango. Kusema kweli nina mipango minne.

Jumanne, 23 Septemba

Mpango wa kwanza: nyonga ya mama mkwe.

Bibi Hjördis ana miaka themanini na sita na nyonga mpya. Hoja yangu ni ya kisayansi. Shangingi lazima alipande, gari la chini lazima alitumbukie, lakini wagoni iliyonyanyuliwa ina kiti sawasawa na makalio yake. Anakaa tu, kama anavyokaa kwenye kiti cha jikoni. Ili kuthibitisha nilifika kwake asubuhi na futi ya kupimia. Alikuwa anakanda unga wa mkate mwembamba. Nilipiga goti nyuma yake nikaanza kupima kutoka sakafuni kwenda juu.

Akauliza bila kugeuka, “Mkwe wangu, unanipimia jeneza?”

Nikamweleza. Akaendelea kukanda. Sentimita sitini na tano, pamoja na viatu vya ndani.

Nikampeleka kliniki. Ameingia garini vizuri mno. Akakaa, akazungusha miguu, akafunga mlango mwenyewe. Nilitaka kupiga makofi. Njiani nikamweleza habari za kitovu cha uzito, upepo na mafuta, kilomita arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Jioni Gunvor akampigia simu, akaweka spika ili na mimi nisikie. Mama mkwe akasema kiti ni kizuri, kizuri sana. Ila katika gari la Ragnvald mtu anaona mpaka ndani ya jikoni za watu. Wiki iliyopita wakipita tu ameona kwamba mjane wa mchungaji amebadilisha mapazia na ana mgeni wa kiume. Kwenye gari langu ameona ua wa miti. Na dereva anaongea.

Hilo la jikoni sikulitarajia.

Jumatano, 24 Septemba

Mpango wa pili: mbwa.

Tussa wetu ana miaka kumi na moja, mbwa wa kuwinda mstaafu, magoti yamechakaa. Kuruka ndani ya shangingi hawezi. Sakafu ya buti la wagoni iko chini, anapandisha mikono tu, kisha makalio yanafuata. Basi nikamwalika Ragnvald twende ziwani. Nikapendekeza, kama wazo limenijia hapo hapo, kwamba tufungue mabuti yote mawili tumwache Tussa achague.

Ili kumsaidia kuchagua nilikuwa nimepaka ini la kusaga chini ya zulia la buti langu. Kidogo tu. Kopo moja na nusu.

Gunvor alisimama kibarazani na kikombe cha kahawa kama hakimu. Nikampigia Tussa mluzi. Ragnvald hakumpigia mluzi. Alifungua upande wa buti lake, akavuta ubao, akaukunjua mara mbili, ukawa ngazi yenye zulia. Tussa akaupanda taratibu kama malkia anayeingia melini. Ragnvald ameununua kwa ajili ya mbwa wangu! Mwenyewe hana hata paka.

Kisha upepo ukageuka. Tussa akanusa. Akashuka, akaja mbio kwangu, magoti mazima kabisa, akaingia wagoni kwa mruko mmoja. Nikasema kura imepigwa. Wakati nasema, nyuma yangu zulia lilikuwa linachanika. Alikula ini lote, na zulia kidogo, halafu vyote akavirudisha.

Gunvor alishuka ngazi, akainama, akanusa buti. Akauliza kama hilo nalo ni la kisayansi.

Nimesugua kwa soda na siki. Kesho litakuwa limekauka.

Alhamisi, 25 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Hali bora kabisa kwa mpango wa tatu: njia ya msituni kwenda kwenye kibanda chetu cha kuvulia samaki.

Nafasi chini ya tumbo la wagoni ni sentimita ishirini na moja. Shangingi la Ragnvald, ishirini na moja! Nimesoma kitabu chake cha maelezo alipoenda msalani kwetu. Urefu ule wote uko kichwani, miguu ni ile ile. Nikamwambia twende tuone. Akavuta pumzi kidogo kwa ndani, ndivyo watu wa huku kaskazini wanavyosema ndiyo.

Na naandika haya kwa furaha: wagoni ilipanda. Mawe, mizizi, maji ya kufika kwenye vyuma vya tairi. Ilipanda kama mbuzi. Kule kwenye msitu wa mibetula, njia inapobana, mimi nilipita, na nyuma nikasikia matawi yakimkwaruza Ragnvald pande zote mbili. Kibandani akaomba aingie kwangu aone inavyokwenda. Nikamzungusha kando ya ziwa. Akauliza tu kwenye kona inashikaje. Nikajua ananidhihaki, nikamjibu kwa mkato.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mkubwa leo. Lakini nilitaka aone inavyogeuka. Nikageuzia kwenye kijani kile kizuri kando ya maji. Nilidhani ni majani. Ilikuwa kinamasi kimejifunika majani.

Tulishuka kupitia madirisha. Ragnvald akaenda kuchukua gari lake, akatoa kamba, akaifunga, akanivuta. Angenicheka ningevumilia. Alipiga picha moja tu, akaituma kwenye kundi la familia. Mama mkwe amejibu kwa moyo mwekundu.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimeosha gari saa nne nzima. Matope yameingia hadi kwenye taa. Harufu ya ini imechanganyika na ya kinamasi, zimezaa ya tatu.

Gunvor amesema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba mchana anampigia simu Elof, kesho asubuhi alete shangingi jeusi lililo mbele ya duka. Amechoka. Nilivyo na akili nyingi, amesema, ni vizuri nikae juu, watu wanione nikija.

Ulibaki mpango wa nne. Sijivunii. Nilimpigia simu Elof nikamwomba, Gunvor akipiga, amwambie shangingi limeuzwa. Elof akasema yeye ni mtu wa kanisani. Nikamwambia hata mimi naenda Krismasi. Akasema ataona.

Saa saba mchana Gunvor akapiga. Nilikuwa nakata kuni nje ya dirisha, nikazikata polepole. Nilimsikia akimsalimu na kuuliza. Kisha akasema, “Amekuomba useme nini?”

Nikaendelea kukata kuni. Tumepata kuni za mpaka Machi.

Chakula cha jioni kilikuwa uji wa baridi. Bakuli moja, upande wangu wa meza. Yeye amekula kwa jirani.

Jumamosi, 27 Septemba

Sikuwa na mpango leo. Niandike hivyo ili ijulikane.

Tulifika shambani saa tatu, mimi na wagoni, Ragnvald na shangingi lake. Gunvor alikuja naye. Vitu vingi vilikwenda jana na lori. Yalibaki maua, saa ya ukutani, na benchi la jikoni. Benchi la bluu, la mbao, mita moja na sentimita tisini na mbili. Marehemu baba mkwe alilitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana, na miaka hamsini alilala juu yake kila mchana baada ya kula. Watu wa lori walilisahau. Mama mkwe alikuwa amekaa juu yake, amevaa koti, mkoba mapajani. Akasema benchi haliendi na lori kesho wala keshokutwa. Linakwenda leo, pamoja na yeye, au wote wawili wanabaki.

Ragnvald akafungua buti. Tukalisukuma. Likagoma: viti vyake havilali sawasawa, na mlango wa nyuma ukabaki wazi kama mdomo wa mtu anayekoroma. Akasema tuliweke juu ya paa. Tulilinyanyua hadi mabegani, paa likawa bado liko mbinguni. Mgongo wa Ragnvald ukalia. Nimeusikia. Tukalishusha. Akakaa juu ya jiwe, rangi imemtoka.

Nilifungua buti langu. Nikalaza viti. Tukaliinua mpaka usawa wa goti tu, mimi na Gunvor, likateleza ndani kama mkate unaoingia tanuri. Mlango ukafungika. Klik.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nayo tangu Jumatatu. Lakini mama mkwe alikuwa anafunga mlango wa nyumba, na ufunguo haukutaka kuzunguka, au mkono wake haukutaka. Hotuba ikaondoka.

Akakaa mbele karibu yangu. Kwa kilomita arobaini alipeleka mkono nyuma, kati ya viti, akaushika mguu wa benchi. Karibu na daraja akasema, “Yeye naye hakupenda kukaa juu. Alisema ukikaa juu huisikii barabara.” Kisha akaomba nipunguze mwendo, tulikuwa tunapita kanisani alikozikwa.

Benchi sasa liko chini ya dirisha la fleti. Mama mkwe amelala juu yake saa moja akiwa bado amevaa koti.

Kwenye maegesho Gunvor alizunguka wagoni mara mbili. Akafungua buti, akanusa, akalifunga.

“Tunachukua hili,” akasema. “Si kwa sababu yako.”

Nimempigia Elof. Amenipongeza kama mtu aliyenusurika.

Jumapili, 28 Septemba

Nimeamka mtu mwenye furaha. Nimetoka na kahawa kuiangalia wagoni yangu kutoka pembe zote nne. Hata harufu imepungua, au nimeizoea.

Mchana tulikunywa kahawa kwa mama mkwe, na keki za mdalasini. Ragnvald alichelewa. Nikasimama dirishani kumsubiri, nimeshapanga nitakavyomuuliza mgongo unaendeleaje kule juu.

Akaingia kwenye maegesho na wagoni. Iliyonyanyuliwa! Aina ile ile, ya bluu, toleo la mwaka huu. Akaiegesha ubavuni mwa yangu.

Kumbe Alhamisi jioni, nikiwa nasuuza matope kwenye nywele, alimpigia simu Elof. Jana mchana ameichukua. Akanishika bega mbele ya watu wote akasema, “Shemeji, wiki nzima umenihubiria. Nimeokoka.” Anasema haijawahi kutokea akashuka gari bila kuugua mgongo. Anasema kwenye kona inashika kama gundi. Alikuwa anauliza kweli!

Mama mkwe akasema inapendeza ndugu wakifanana. Gunvor alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Nikashuka kwenda kuona. Yake inang'aa. Viti vyake vinapashwa moto hata vya nyuma. Ragnvald, kwa wema wake wote, akanijulisha kwamba toleo jipya limeinuliwa zaidi. Sentimita tatu. Nikainama nikaangalia. Ni kweli. Zikiwa pamoja, yangu inaonekana kama imekaa chini kupumzika.

Njiani kurudi niliendesha polepole. Gunvor akauliza kama naumwa. Nikamwambia nafikiri.

Na nimefikiri. Wagoni, ukiitazama kwa makini, ina kasoro zake. Kila mtu sasa anayo. Huoni chochote barabarani ila makalio ya magari mengine. Buti refu hivyo, utabeba benchi mara ngapi maishani? Mtu wa umri wangu anahitaji kuona mbali.

Shangingi la Ragnvald liko mbele ya duka la Elof tangu jana, limeoshwa. Nimepita taratibu tukirudi. Mikwaruzo ya matawi haionekani kabisa ukisimama upande wa jua. Kesho Elof anafungua saa tatu. Gunvor nitamwambia naenda kununua zulia la buti.