Kilima Kilichogeuzwa Tambarare kwa Waraka

Waraka ulibandikwa asubuhi: kuanzia leo, kilima cha hospitali si kilima, bali ni "tambarare yenye mwinamo." Aliyesaini ni Mkurugenzi wa Idara ya Miinuko, mtu wa miaka hamsini na mitatu mwenye kitambi kinacholingana na cheo. Watu wa bondeni walikuwa wameomba zahanati. Idara ikajibu kwamba hospitali ya kileleni iko dakika kumi na mbili tu kwa baiskeli.

Mkunga wa bondeni akamfuata ofisini.

"Dakika kumi na mbili, mzee? Nani alipima?"

"Nitapima mwenyewe," Mkurugenzi alijikuta akisema, akatamani kuumeza ulimi. Alikuwa mwendesha baiskeli wa wikiendi; yaani, baiskeli alikuwa nayo, na wikiendi zilikuwepo.

Jumamosi, chini ya kilima, karani wake akabonyeza saa, kisha akamfuata nyuma kwa gari la bosi. Kona ya kwanza ilipita kwa heshima. Kwenye ya pili, Mkurugenzi alitafuta gia nyepesi kuliko ile nyepesi kuliko zote, asiione. Mkunga alikuwa kando yake, anatembea zake na mkoba begani.

"Shikamoo tena, mzee."

"Ma... ra... haba."

"Mwenye uchungu angekuwa ameshajifungulia hapa."

Akashuka. Tuseme, kwa lugha ya Idara, aliendelea kwa njia mbadala ya miguu. Kwa mara ya kwanza akaelewa alichokuwa amekisaini. Alifika kileleni dakika ya hamsini na nne, akajitupa kwenye majani.

"Niandike ngapi, bosi?" karani akauliza.

Mkurugenzi akamtazama mkunga. Hakuwa anacheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Kumi na mbili," akasema, macho chini.

Jumatatu ikaja barua ya Wizara. Ilimpongeza kwa dhati. Kwa kuwa alikuwa amethibitisha ukweli kwa mwili wake mwenyewe, ofisi yake ingehamia kileleni mara moja. Gari lake, ambalo sasa halikuwa na kazi kwa mtu wa dakika kumi na mbili, alipewa mkunga, aliyeliomba kwa barua ya mistari miwili.

Jumanne, Mkurugenzi alikuwa anaikokota baiskeli, shati limeganda mgongoni, gari lilipopunguza mwendo ubavuni pake. Mjamzito aliyekuwa ndani akachungulia dirishani kwa huruma.

"Masikini! Huyu naye ni mgonjwa?"

"Hapana," mkunga akajibu. "Huyu ni Mkurugenzi."