Nyumba Hii Iuzishwe

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa kumi

Leo nimeanza kuuza nyumba. Ni siri kubwa. Tunaojua ni watu wawili tu: mimi na Aimé, komisioneri, ambaye kazi yake ni kutembeza wanunuzi kwenye nyumba za watu. Na Félicien jirani, kwa sababu alikuwa nyuma ya ukuta akisikiliza. Na mke wa Félicien. Basi Kasenga yetu nzima. Lakini Kalemie hawajui, na ndiyo siri yenyewe.

Kalemie ndiko aliko mke wangu, mama Noella. Alipanda boti mwezi wa kumi na moja mwaka jana, kwenda kumsaidia binti yetu Noella aliyekuwa amejifungua. Alisema miezi mitatu. Sasa ni kumi na moja. Kila tukiongea kwenye simu anasema bado kidogo, mtoto analia akimwona anafunga mizigo. Mtoto wamemwita Patient, yaani mwenye subira. Hana subira hata kidogo.

Mpango wangu: ikiwa mke harudi kwenye nyumba, nyumba itamfuata mke. Nauza, napanda boti, natokea mlangoni kwa Noella na koti langu la kijivu, namwambia mama Noella achague kiwanja popote Kalemie. Nimefanya kazi ya karani kwenye boti za mizigo miaka kumi na tisa. Nimeona Kigoma, Mpulungu, Bujumbura. Vyumba vitatu na sebule haviwezi kunishinda. Bati juu, sementi chini, na mafuriko ya 2020 yaliishia hatua tano kutoka mlangoni, yakageuka.

Mnunuzi wa kwanza alifika saa nne. Papa Sylvestre, mwenye mashamba ya mpunga kule Nyakabere. Hakushuka kwenye pikipiki. Alisoma ukuta wa mbele, akamgusa begani motari aliyemleta, wakaondoka.

Ukuta! Nilikuwa nimeusahau. Herufi kubwa kama ndoo, nyekundu: NYUMBA HII HAIUZISHWE. Niliandika mwenyewe miaka minne iliyopita, baada ya mdogo wangu Claude wa Makobola kumtembeza mtu humu ndani akisema nyumba ni yake. Rangi ya mafuta, ile ya kupaka boti. Mama Noella alishika ngazi na kopo. Aliniambia niandike kubwa, maana Claude haoni vizuri kitu asichokitaka.

Jumatano, tarehe 2

Aimé alisema ukuta mzima ukwanguliwe na kupakwa upya. Kazi ya siku tatu. Nilicheka. Aimé amesoma mpaka chuo kikuu, ndiyo maana anatumia nguvu. Mimi niliishia mwaka wa pili wa sekondari, walimu wakaona inatosha.

Nilichukua kisu cha samaki cha mama Noella, nikapanda ngazi, nikakwangua herufi mbili. Nusu saa tu. Sasa ukuta unasema: NYUMBA HII IUZISHWE. Ukuta uleule uliokuwa unakataa, leo unaamuru.

Aimé aliutazama kwa muda bila kusema neno. Nadhani ni heshima. Akapiga picha mbili, akaziweka kwenye kundi la WhatsApp la nyumba na viwanja. Kwenye moja nimo, na koti.

Jioni mama Noella alipiga. Aliuliza kama ninakula. Nikamwambia ninakula kama gavana. (Nilikuwa nakwangua ukoko wa ugali wa jana.) Aliuliza kama nyumba haijawa kimya sana. Nikamwambia kimya kitoke wapi, wageni wanaingia, wanatoka, sipati hata nafasi ya kukaa.  Akasema, haya, vizuri. Nilitaka kumwambia jambo lingine, nikasema chaji imeisha.

Haikuwa imeisha.

Ijumaa, tarehe 4

Maandalizi. Aimé anasema mnunuzi akiingia asione maisha ya mtu mwingine, aone ya kwake. Kwa hiyo niondoe viti vya plastiki, kalenda za kanisa, na masufuria ya mama Noella yaliyotundikwa ukutani jikoni. Niliyashusha yote. Baadaye nilirudisha moja, lile la sombe, majani ya muhogo. Ukuta ulikuwa unaonekana mgonjwa.

Viti vizuri nimeazima kwa Félicien. Yeye ni fundi cherehani, ana makochi manne yenye vitambaa vya lesi mgongoni na kwenye mikono. Alikubali haraka mno. Ilinipasa kushtuka.

Shida ni moja: wayo. Kwenye kizingiti cha sebule, ndani ya sementi, kuna alama ya mguu wa kushoto wa mama Noella. Mwaka tulioijenga nyumba nilimwambia asipite, sementi ni mbichi. Alikuwa ameniletea chakula, akapita. Vidole vitano vimetulia hapo tangu siku hiyo. Aimé anataka niufunike kwa mkeka. Nimeufunika. Nikaenda nje. Nikarudi, nikaufunua kidogo, upande wa vidole, upate hewa.

Jumamosi, tarehe 5

Wamekuja mwalimu Georgette na mume wake, papa Emery. Watu safi. Nimewapokea kwa Kifaransa, nikakimaliza chote mlangoni, tukaendelea kwa Kiswahili.

Yote yalikuwa yanaenda vizuri. Georgette alisifu makochi. Nikasema niliyachagua mwenyewe Bujumbura. Hapo Félicien akaingia bila hodi, akaketi kwenye kochi, akavua viatu. Georgette akamuuliza kama yeye ni wa familia. Félicien akasema hapana, yeye amekuja tu kukaa kwenye viti vyake, na saa kumi vinarudi nyumbani.

Nililivuka hilo. Nikasema jirani mwema ni sehemu ya nyumba. Wakacheka. Papa Emery akatoka kuona uani, akajikwaa kwenye mkeka, akaona wayo. Akasema huo si kitu, watauvunja, wapige sementi mpya.

Nikasikia mdomo wangu unamjibu kwamba nyumba inauzwa, wayo hauuzwi.

Akadhani natania. Nikamweleza vizuri kwamba kipande kile, kama meza ndogo hivi, nitakikata na kwenda nacho. Akauliza mlango wao utakaa wapi. Swali zuri.

Wakati wa kuaga Georgette alisimama mbele ya ukuta. Ni mwalimu, amezoea kusoma hata kilichofutwa. Akauliza polepole: “Papa Octave, nani aliandika HA, na nani aliitoa?” Nikasema ni mimi kote kuwili. Akamtazama mume wake. Akasema wao hawawezi kununua ugomvi wa watu.

Jumapili, tarehe 6

Sikujua kwamba herufi mbili zinaweza kuzaa ndugu wengi hivi. Baada ya misa nimesikia kwamba familia yangu inapigana: wanne wanataka kuuza, watatu wanakataa, usiku wanaandika, asubuhi wanafuta. Mwingine aliniuliza kama ni kweli nimetishiwa kwa panga na mjomba. Mjomba gani? Mjomba wangu wa mwisho alikufa nikiwa darasa la nne.

Alasiri alikuja shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, na daftari, akaomba majina ya pande zote mbili. Nikamwambia upande ni mmoja, ni mimi. Akaandika: “Upande wa pili umejificha.”

Félicien aliyasikiliza yote kutoka kwake. Akanipazia sauti kwamba yeye ni shahidi, kama nikihitaji. Nikamwambia akahesabu makochi yake.

Mama Noella hakupiga leo. Jumapili hupiga.

Jumanne, tarehe 8

Akili mpya. Nimepaka ukuta wote chokaa, tabaka moja. Aimé alisema matatu, na kwanza ile rangi ya mafuta itolewe yote. Anapenda kazi, yule. Ukuta umekuwa mweupe kama kitambaa cha altare. Hakuna maneno, hakuna ndugu.

Pia nimegundua kosa la zamani: nyumba ilikuwa hainukii. Mtu akiingia kwetu wakati mama Noella anakaanga mukeke, samaki wa ziwa letu, na limau, na pilipili ile anayoiponda mwenyewe, hakuwa anataka kutoka. Wageni waliokuja kwa dakika tano walikula mara mbili. Alhamisi nitakaanga. Nimemwona akikaanga miaka thelathini, najua kila kitu.

Simu yake haipatikani. Nimejaribu mara sita. Pengine mtandao. Pengine Patient ameitupa majini.

Alhamisi, tarehe 10

Naandika nikiwa nimechoka, mikono inanuka.

Mukeke wa kwanza uliungua. Wa pili ulishika sufuria. Wa tatu ulitoka vizuri, wallahi vizuri, na hapo ndipo alipofika Laurette, muuguzi, mjane mwenye watoto watatu. Aliingia pua mbele. Aliketi kwenye kiti cha plastiki bila kudharau. Alikula. Aliuliza nani mpishi, nikasema mimi, lakini upishi ni wa mke wangu. Akauliza mke yuko wapi. Nikaanza kumwambia, na sijui nilisimama wapi, maana samaki aliisha na mimi bado nazungumza: anavyosonga ugali akiwa anagombana na redio, anavyoita jina langu lote akikasirika, anavyosimama juu ya wayo wake kila mvua ikianza, kuangalia kama maji yanapanda.

Laurette alisema anaipenda nyumba. Alisema hata ule wayo ubaki, hautamsumbua. Nilipaswa kuruka juu. Nilijikuta nauliza kama kweli ana watoto watatu, maana watapakanyaga.

Halafu mvua. Ile ya kwanza ya msimu, inayoshuka mlimani bila kubisha. Tulisimama mlangoni tunatazama chokaa inateremka ukutani kama maziwa, inaingia mtaroni. Herufi nyekundu zikarudi moja moja. NYUMBA. HII. IUZISHWE. Na pale nilipokuwa nimekwangua, sementi ilikuwa imeparuzika, chokaa ilishika. Haikutoka hata kidogo. HA ikabaki nyeupe, safi, inang'aa kuliko ndugu zake.

NYUMBA HII HAIUZISHWE.

Laurette aliweka sahani chini. Akasema kwa upole: “Papa, hii nyumba iko na mwenyewe. Minye siwezi kuingia katikati.” Akajifunika mfuko kichwani, akaondoka.

Aimé amejiuzulu kwa ujumbe wa sauti.

Jumamosi, tarehe 12

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Pikipiki imesimama. Motari anashusha begi la bluu. Begi hilo nalijua. Nilinunua mwenyewe Kigoma, kweli, hili si la Félicien.

Mama Noella. Ametoka na boti, ameshuka bandarini Kalundu, hakuniambia. Alisimama mbele ya ukuta akausoma wote. Halafu akaniuliza swali moja: mwanamke yuko wapi.

Mwanamke gani?

Ndipo nikaelewa. Picha ya Aimé ilikuwa imevuka ziwa. Sokoni Kalemie wanamwonyesha kwenye simu: si ndiyo nyumba yako hii, mumeo ametoa HA, ana haraka gani? Na mimi kwenye simu nasema wageni wanaingia, wanatoka. Akajumlisha, akapata mwanamke, akazima simu, akakata tiketi.

Alipita vyumba vyote. Chini ya meza akaokota kitambaa cha lesi. Akakishika kwa vidole viwili. Nikamwita Félicien. Ni mara ya kwanza maishani nimefurahi kumwona. Akathibitisha kwamba lesi ni yake, anaishona mwenyewe, na akaeleza namna, mshono kwa mshono. Mama Noella alikubali. Mtu hawezi kudanganya kwa urefu ule.

Halafu akaona kisu chake cha samaki, kimekuwa butu kama kijiko. Hapo ndipo aliniita jina lote.

Nilipomweleza mpango, kwamba nilikuwa nauza ili nimfuate, aliweka kisu mezani. Akasema: “Baba Noella, weye kila siku unasema uko bien, uko salama. Unakula kama gavana. Minye nilijua hunihitaji, nikasema basi, nikae na mtoto.”

Nikasogeza mkeka pembeni, wayo wote ukaonekana. 

Alivua viatu akasimama kwenye wayo. Mguu haukuingia, umenenepa. Kalemie wanakula. Alicheka mpaka akaegemea bega langu, na begi bado liko mlangoni, na hakuna aliyeliondoa mpaka jioni.

Jumatatu, tarehe 14

Tumeandika HA upya, kwa rangi nyekundu ya mafuta. Alishika ngazi na kopo. Aliniambia niandike kubwa, nikamwambia najua. Shefu wa avenue alipita, akaandika kwamba pande zote mbili zimepatana. Masufuria yamerudi ukutani. Leo tumekula mukeke ambao haukuungua.

Anarudi Kalemie na boti ya Alhamisi. Patient bado ananyonya, na Noella ana kazi. Amesema atarudi kabla ya Noeli, safari hii kweli. Akaniuliza, akinitazama, kama nitaweza peke yangu mpaka wakati huo.

Nikamwambia niko bien kabisa, asiwaze, hata sitaona siku zinavyopita. Aliendelea kunitazama kama mtu anayesubiri kitu. Nikamsimulia habari ya Mpulungu.

Nimekaa nikalifikiria jambo lote kwa utulivu wa mtu aliyetembea. Mpango wangu haukuwa na kosa. Kosa ni la Aimé, la mvua, na la makochi. Kwa upande mwingine, miezi kumi na moja ya simu haikumleta mama Noella, lakini herufi mbili zimemleta kwa siku kumi. Hiyo ni hesabu, na hesabu nilikuwa napata vizuri.

Picha ya ukuta itapigwa na Félicien, nimeshamwambia. Amekubali haraka mno.

Kisu amekinoa leo mwenyewe. Rangi itakauka Alhamisi. Ijumaa asubuhi naanza na H.